Jike Akigeuka Dume Ndani ya Tangi

Umenunua samaki wawili wa baharini, wote majike, wenye rangi ya waridi iliyopoa. Miezi michache baadaye mmoja ametoka mistari ya zambarau, mapezi yamerefuka, na kutwa anamfukuza mwenzake. Kabla hujarudi dukani kulalamika, wala hujatia dawa majini, mwangalie vizuri. Samaki mgonjwa husita kula, huhema haraka, hujisugua kwenye mawe au hutoka vidoa vyeupe. Kama wako anakula kwa pupa na kujitanua, huenda amebadili jinsia tu.

Ni jambo la kawaida kwa labridi, yaani samaki wa familia ya Labridae, ndugu wa karibu wa pono. Wengi wao huanza maisha wakiwa majike na kumalizia wakiwa madume. (Wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao watoto huwaita Nemo, mambo yao ni kinyume: dume ndiye anayegeuka jike.)

Kinachoamua ni ukubwa wa samaki na nani anaishi naye. Mwaka 1972 mwanabiolojia Ross Robertson alichapisha utafiti wake kuhusu samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, katika Kisiwa cha Heron, Australia. Dume mmoja huishi na majike kadhaa na kuwatawala kwa vitisho. Akiondolewa, jike mkubwa kuliko wote huanza kujifanya dume ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili au zaidi kidogo anaweza kutoa mbegu za kiume. Homoni za kike hushuka, za kiume hupanda, na ovari hugeuka kuwa korodani. Rangi ndiyo huchelewa. Katika tangi inaweza kuchukua miezi.

Kwa hiyo ukitaka kundi lenye amani, nunua majike wadogo wanaotofautiana kwa ukubwa, na uwatie siku moja. Mkubwa atapanda cheo mwenyewe, na wengine watabaki majike kwa sababu yupo wa kuwatawala. Ushauri huu unawafaa hasa Cirrhilabrus, wale wembamba wanaoogelea juu ya matumbawe, ambao spishi yao moja, Cirrhilabrus wakanda, ilipewa jina mwaka 2019 kutokana na samaki waliopatikana kwenye miamba ya kina kirefu Zanzibar. Unawafaa pia Macropharyngodon bipartitus wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao dume na jike wana rangi tofauti mno hata mgeni hudhani ni samaki wa aina mbili.

Kosa ninaloliona zaidi ni la pupa: mtu hununua madume wawili wa spishi moja kwa kuwa ndio wanaopendeza. Baharini aliyeshindwa hukimbia. Kwenye tangi la lita 300 atakimbilia wapi? Watafiti wa Japani wameonyesha kwamba madume wawili wa samaki msafishaji wakiwekwa pamoja, mdogo anaweza kurudi kuwa jike, lakini usikae ukingoja hilo nyumbani. Atakufa kwa vipigo kabla. Mhamishe.

Na ukitaka kuongeza dume kwenye kundi la majike, fanya hivyo mapema, kabla jike mkubwa hajaanza kubadilika. Mweke mgeni siku chache ndani ya kisanduku chenye matundu humohumo tangini, waonane bila kugusana. Jike ambaye rangi zimekwisha kugeuka mhesabu kuwa dume tayari. Tahadhari pia unapoambiwa "huyu ni jike": katika spishi kadhaa wapo madume wadogo wanaovaa rangi za kike.

Kipindi cha mabadiliko kina purukushani nyingi, na labridi akifukuzwa huruka. Funika tangi kwa wavu wa matundu madogo, bila kuacha upenyo hata pale mabomba yanapopita. Macropharyngodon, na labridi wengine wa jenasi Halichoeres, hulala ndani ya mchanga, hivyo wape mchanga laini wenye kina cha sentimita 5 au zaidi. Mgeni akijifukia siku mbili tatu, usimfukue. Lisha kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku, uduvi wa kugandishwa na vyakula vingine vya nyama, kwa kuwa jike aliyekonda hana nguvu za kugeuka wala za kujitetea.

Samaki msafishaji mwenyewe, pamoja na umaarufu wake kwa watafiti, hafai tangi la nyumbani. Chakula chake ni vimelea na ute wa samaki wengine, na kwa samaki wachache wa sebuleni wengi wao hukonda hadi kufa. Ukimkuta dukani, usimnunue.