Fungu la Masika: Kuiandaa Kaya kwa Dharura Mkoani Katavi

Mvua za Katavi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo mbu huzaliana madimbwini, maji machafu huingia visimani na kuleta kuhara, na njia ya kwenda zahanati hugeuka tope. Ni miezi hiyo hiyo ghala linapopungua na mfuko kukauka, kwa kuwa fedha ya mpunga, mahindi na tumbaku huanza kuingia kuanzia Mei. Ndiyo maana dharura ya Februari hutayarishiwa Juni, gunia la kwanza likifika nyumbani.

Tuchukue kaya moja ya Mpimbwe. Ni saa nane usiku, mwezi wa pili. Mtoto anachemka homa na degedege limeanza. Baba yuko machimboni, simu yake haipatikani. Zizini kuna mbuzi watatu, lakini mama hajawahi kupewa ruhusa ya kuuza hata mmoja. Jirani mwenye fedha yuko tayari kukopesha, ila anataka alipwe kwa mpunga ambao bado uko shambani, tena kwa bei ya chini mno. Kaya hii si maskini kama inavyoonekana usiku huo. Kilichokosekana ni mazungumzo.

Kubalianeni mapema

Baba na mama, kaeni mbele ya watoto wakubwa na mseme wazi: mgonjwa akizidiwa, aliyepo nyumbani ndiye anayeamua. Mbuzi gani auzwe, nani wa kumnunua, namba ya siri ya akaunti ya simu anaijua nani. Jambo hili huonekana dogo, lakini kwa maoni yetu ndilo linalookoa maisha kuliko mengine yote humu.

Fedha ikae wapi

Kiasi cha kuweka kipimeni kwa hali yenu. Muulizeni bodaboda mnayemwamini nauli ya usiku hadi kituo cha afya, kwenda na kurudi. Ongezeni chakula cha anayeuguza kwa siku tatu na fedha kidogo ya dawa. Hilo ndilo fungu la masika, na haliguswi kwa sare wala kwa ngoma. Sehemu yake iwe taslimu, kwa sababu usiku wakala amefunga. Nyingine ikae kwenye simu. Gunia moja au mawili ya mahindi yabaki katika mifuko ya kinga njaa, ambayo haipitishi hewa na huzuia wadudu bila dawa.

Mkiwa kwenye kikundi cha VICOBA, ulizeni kuhusu mfuko wa jamii. Fedha ya mfuko huo ni ya ugonjwa na msiba, na isikopeshwe yote hadi sanduku likabaki tupu.

Bima

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ulizeni zahanati au ofisi ya kijiji utaratibu wa kujiunga, gharama yake, na siku ambayo huduma itaanza kutumika. Jiungeni wakati wa mavuno, wote mkiwa wazima.

Vya kuwa navyo nyumbani

Tochi yenye betri, chandarua chenye dawa, kadi za kliniki ndani ya mfuko wa nailoni, na pakiti za ORS. Pakiti moja huchanganywa na lita 1 ya maji safi, na yakipita saa 24 hayanywewi. ORS ikikosekana, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, huku mkijiandaa kwenda zahanati. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali.

Jueni pia makundi yenu ya damu. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Mjamzito, mzazi aliyetoka kujifungua na mtoto mchanga wana usafiri wa dharura wa m-mama kwa kupiga 115 bila malipo. Andikeni namba hiyo kwa mkaa juu ya mlango, leo, mahali ambapo hata mtoto anayejifunza kusoma ataiona.