Nambari Kabla ya Jina: Amri ya lspci na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Mtu anunuapo tarakilishi kuukuu, mara nyingi hupewa kasha lisilo na kijitabu cha maelezo wala kibandiko kinachosomeka. Akishaweka mfumo endeshi mpya, huenda picha ikaonekana na sauti ikasikika, lakini mtandao ukakataa katakata. Ili apate tiba, sharti kwanza aujue ugonjwa: ni kadi gani ya mtandao iliyomo ndani ya kasha hilo? Si lazima ashike bisibisi. Mifumo endeshi ya jamii ya Unix ina amri zinazoorodhesha maunzi, yaani vifaa vya tarakilishi vinavyoshikika kwa mkono. Makala haya yanaeleza mojawapo ya amri hizo, lspci, ambayo hutumika sana katika Linux. Baada ya kueleza namna inavyofanya kazi, makala yanaonyesha ni kwa nini utendaji wake unamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kifaa hakibebi jina lake. Hubeba nambari tu. Jina hutolewa na watu, nacho walichokitaja watu kwa lugha moja chaweza kutajwa kwa nyingine.

Usuli wa amri

Jina lspci lina sehemu mbili. Herufi ls zimeazimwa kutoka kwa amri kongwe ya Unix ya kuorodhesha faili. Herufi pci zinarejelea PCI, kiwango cha kuunganisha vifaa na bodi kuu ya tarakilishi kilichoasisiwa na kampuni ya Intel mwaka 1992. Kiwango kilichokirithi, PCI Express, kilitolewa mwaka 2003, nacho kilihifadhi utaratibu uleule wa kuvitambua vifaa. Ndiyo sababu amri hii inafaa kwa mashine kuukuu na mpya vilevile.

Amri yenyewe ni sehemu ya fungu la programu liitwalo pciutils, lililoandikwa na Mcheki Martin Mareš. Ikumbukwe kwamba si Linux pekee yenye amri ya aina hii. FreeBSD ina pciconf, Solaris ina prtconf, AIX ina lsdev, na HP-UX ina ioscan. Majina yanatofautiana, ila swali ni moja: kuna nini humu ndani?

Jinsi vifaa vinavyotambuliwa

Tarakilishi inapowashwa, kiini cha mfumo endeshi hupita kwenye kila anwani ya PCI kikibisha hodi. Anwani hizo zimepangwa mfano wa makazi ya mjini: upo mtaa, ipo nyumba, na kipo chumba. Mitaa, yaani njia za mawasiliano, yaweza kufikia 256. Kila mtaa unaweza kuwa na nyumba 32, ambazo ni vifaa. Na kila nyumba inaweza kuwa na vyumba 8, ambavyo ni kazi mbalimbali za kifaa kimoja. Anwani 02:00.0 basi humaanisha mtaa wa 02, nyumba ya 00, chumba cha 0. Nambari za mtaa na nyumba huandikwa kwa mfumo wa heksadesimali, unaotumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f.

Pasipo na mtu, hodi haijibiwi. Mfumo ukisoma anwani isiyo na kifaa hupata ffff, nambari ambayo hakuna mtengenezaji aliyepewa. Penye kifaa, jibu hutoka katika eneo dogo la kumbukumbu lililomo ndani ya kifaa chenyewe. Katika PCI ya awali eneo hilo lina baiti 256, na katika PCI Express limepanuliwa hadi baiti 4096. Baiti mbili za mwanzo humtambulisha mtengenezaji, na mbili zinazofuata hutambulisha aina ya kifaa. Mbele kidogo ipo nambari ya kundi, inayoeleza kazi ya kifaa: kundi 01 ni la vihifadhi data, 02 ni la vifaa vya mtandao, 03 ni la vifaa vya kuonyeshea picha, na kadhalika.

Nambari za watengenezaji hugawiwa na PCI-SIG, muungano wa kampuni unaosimamia kiwango hiki. Intel inatambulishwa kwa 8086, nambari inayokumbusha kichakato chake mashuhuri cha mwaka 1978. NVIDIA ni 10de, na Realtek ni 10ec.

Kuyasoma matokeo

Mtumiaji akiandika lspci -n, huona nambari tupu. Mstari mmoja waweza kuwa hivi:

02:00.0 0200: 10ec:8168 (rev 06)

Sehemu ya kwanza ni anwani. Sehemu ya pili, 0200, ni kundi la vifaa vya mtandao na tawi lake la Ethaneti, yaani mtandao wa waya. Ya tatu humtaja mtengenezaji, Realtek, na kifaa chake cha 8168. Mabano ya mwisho hutaja toleo la kifaa. Akiandika lspci bila nyongeza yoyote, nambari za kundi, mtengenezaji na kifaa hugeuzwa kuwa majina. Akiandika lspci -nn, majina na nambari huonekana bega kwa bega. Namna hii ya tatu ndiyo inayofaa zaidi mtu anapoomba msaada, kwa kuwa majina ya kibiashara hufanana na kupotosha, ilhali nambari haipotoshi.

Ipo pia nyongeza ya -k, ambayo hutaja kiendeshaji kinachokitumikisha kifaa, yaani programu inayokiwezesha kiini cha mfumo kuzungumza nacho. Hapa ndipo mwenye tarakilishi kuukuu hupata jawabu. Ikiwa kadi ya mtandao imeorodheshwa lakini hakuna kiendeshaji kinachoitumia, kadi imeonekana na kilichokosekana ni programu ya kuihudumia. Ikiwa kadi ya PCI haimo kabisa katika orodha, huenda imezimwa, imelegea au imekufa. Hali hizi mbili zina tiba tofauti, na anayezichanganya huweza kutupa kadi nzima au kununua asichokihitaji.

Hata hivyo, lspci ina mipaka. Huonyesha tu vilivyo kwenye PCI. Kipanya kilichochomekwa kwenye tundu la USB hutafutwa kwa lsusb. Na mashine nyingi ndogo huwa na vifaa visivyopitia PCI hata kidogo.

Jina linatoka wapi?

Ikiwa kifaa kinajibu kwa nambari, jina linaloonekana kwenye kiwambo linatoka wapi? Linatoka katika faili iitwayo pci.ids. Hiyo ni orodha ya maandishi ya kawaida, inayosomeka na yeyote, iliyokusanywa kwa miaka mingi kwa michango ya watumiaji. Lspci huichukua nambari, huitafuta katika orodha, kisha huchapisha jina lililo kando yake. Isipolipata, huchapisha nambari ya kifaa hivyo hivyo. Kifaa hakiharibiki kwa kukosa jina. Kinaendelea kufanya kazi kama kina kiendeshaji.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya jina na kitu. Nambari 1002 ilikuwa ya kampuni ya ATI. Mwaka 2006 ATI ilinunuliwa na AMD, na katika orodha jina likabadilishwa ili limtaje mmiliki mpya pia. Kadi zilizokuwa zimekwisha kuuzwa hazikuguswa. Ziliendelea kujibu 1002, na wasomaji wa orodha wakaona jina jipya.

Funzo kwa istilahi za Kiswahili

Wanaisimu wamekariri kwa muda mrefu kwamba uhusiano kati ya neno na kirejelewa chake ni wa makubaliano. Katika lspci nadharia hiyo inaonekana kwa macho. Orodha inayosambazwa pamoja na amri hii imeandikwa kwa Kiingereza, lakini hakuna kitu ndani ya maunzi kinachodai Kiingereza. Isitoshe, lspci ina nyongeza ya -i, inayomruhusu mtumiaji kuitajia amri faili nyingine ya majina. Mtu akinakili pci.ids, akabadilisha majina ya makundi, kisha akaitaja nakala yake kwa -i, vifaa vyake vitaorodheshwa kwa majina aliyoyachagua. Hahitaji kuandika programu wala kuogopa kuiharibu mashine.

Kazi hiyo si kubwa kupita kiasi. Majina ya kampuni na ya bidhaa hayatafsiriwi. Yanayohitaji istilahi ni makundi makuu, ambayo ni yapata ishirini, pamoja na matawi yake. Ugumu wake ni wa kiisimu. Kwa mfano, neno kidhibiti laweza kutumiwa kwa kifaa kinachosimamia kazi fulani, tukapata kidhibiti cha Ethaneti na kidhibiti cha sauti. Neno daraja linakifaa kifaa kinachounganisha mtaa mmoja wa PCI na mwingine, kwa kuwa sitiari yenyewe tayari imo katika Kiswahili. Lakini kitenzi endesha kinaleta utata. Kimezaa kiendeshi kwa maana ya kifaa kinachosoma diski, na kiendeshaji kwa maana ya programu inayokitumikisha kifaa. Mwandishi akiyachanganya maneno haya, msomaji hatajua kama kilichokosekana ni kifaa au programu, na hiyo ndiyo tofauti ambayo lspci -k huibainisha.

Juhudi za namna hii zina mfano wa kuigwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria za kazi za ofisini. Ulidhihirisha kwamba istilahi haziishii kamusini, hujaribiwa zinapotumiwa. Aidha, wasemaji wa Kiswahili bado hawajaafikiana hata kuhusu mashine yenyewe: nchini Kenya wengi huandika tarakilishi, na nchini Tanzania kompyuta. Orodha fupi inayotumiwa kila siku na wanafunzi wa pande zote mbili yaweza kufichua mapema istilahi ipi inaeleweka na ipi inakwaza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa lspci huuliza maunzi, hupokea nambari, kisha huzitafutia majina katika orodha iliyoandikwa na watu. Kwa fundi, amri hii hutenga kifaa kilichokosekana na kifaa kisichohudumiwa. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, inampa uwanja mdogo, wa wazi na usio na gharama wa kuunda istilahi na kuzijaribu mbele ya watumiaji. Nambari zimekwisha kugawiwa. Majina ya Kiswahili yanawangoja wenye lugha.