SOMO LA AFYA: Umeacha Sigara Ukashika Vepu? Jinsi ya Kufanya Mazoezi Mapafu Yakiendelea Kupona

Wapo wakazi wa Uasin Gishu walioweka sigara kando na kuanza kutumia sigara ya kielektroniki, maarufu kama vepu. Baada ya wiki chache wanaanza mazoezi wakitarajia pumzi irudi. Wengine huona nafuu mapema na kudhani wamepona. Wengine hupanda kilima kimoja tu, wakasimama mikono kiunoni, wakihema kama siku zile za sigara. Hao ndio hukata tamaa na kurudia pakiti. Makundi yote mawili yanahitaji kujua kinachoendelea ndani ya kifua.

Ukimaliza somo hili utaweza:
- kueleza ni sehemu gani ya mapafu hupona na ni ipi haiponi;
- kutofautisha faida ya kuacha moshi na madhara yanayobaki katika vepu;
- kufuata ratiba ya mazoezi ya wiki 12;
- kutambua dalili zinazokutaka uende hospitali.

1. Moshi ulifanya nini?

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake husababisha saratani. Kwa mtu anayetaka kufanya mazoezi, madhara matatu ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

La kwanza ni gesi ya kaboni monoksaidi. Ndiyo gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mvutaji wa sigara nyingi anaweza kuwa na asilimia 5 hadi 10 ya hemoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo, kwa hivyo haibebi oksijeni. Sisi tunaoishi nyanda za juu huumia zaidi. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi hapa ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Mvutaji wa huku hupunguziwa mara mbili: na mwinuko, kisha na sigara.

La pili ni uharibifu wa vinyweleo vya njia za hewa. Hivi ni vidogo mno, na hupepea pamoja kama shamba la ngano penye upepo, vikisukuma makohozi na uchafu kuelekea kooni. Moshi huvilemaza na kuviua. Makohozi hubaki kifuani, na ndiyo sababu mvutaji hukohoa sana asubuhi.

La tatu ni kuharibika kwa vifuko vya hewa, mahali ambapo oksijeni huingia katika damu. Kuta zake zikivunjika, vifuko vidogo vingi huwa vikubwa vichache, na eneo la kupokea oksijeni hupungua.

2. Kinachorudi na kisichorudi

Kaboni monoksaidi hutoka haraka. Siku moja au mbili baada ya sigara ya mwisho, damu huwa imerudia hali ya kawaida. Ndiyo maana mtu huhisi mwepesi katika wiki ya kwanza.

Vinyweleo huanza kufanya kazi tena polepole. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa, kikohozi na kuhema hupungua. Kwanza, hata hivyo, kikohozi kinaweza kuongezeka kwa muda, kwa sababu uchafu uliokaa sasa unaondolewa.

Vifuko vilivyovunjika havirudi. Hakuna dawa, chai ya mitishamba wala mazoezi yanayovijenga upya. Kinachowezekana ni kuzuia vingine visivunjike.

Utafiti uitwao Lung Health Study, uliofanywa Marekani na Kanada kwa wavutaji 5,887, ulionyesha jambo hili kwa vipimo. Watafiti walipima hewa ambayo mtu anaweza kuitoa kwa nguvu katika sekunde moja. Walioacha kabisa waliongeza wastani wa mililita 47 katika mwaka wa kwanza. Walipofuatiliwa kwa miaka 11, wanaume walioacha walikuwa wakipoteza takriban mililita 30 kila mwaka, ilhali walioendelea kuvuta walipoteza takriban 66. Kwa wanawake ilikuwa takriban 22 dhidi ya 54. Kupoteza kiasi fulani ni kawaida ya umri. Lakini tofauti ya mililita 36 kwa mwaka, kwa miaka 20, ni zaidi ya chupa ya maji ya nusu lita. Kwa mzee wa miaka 65, pumzi hiyo inaweza kuwa ndiyo ya kumfikisha shambani na kumrudisha.

3. Vepu inaondoa nini, na inaacha nini?

Vepu haichomi tumbaku. Hupasha joto kimiminika chenye propilini glaikoli, gliserini, ladha na, mara nyingi, nikotini. Kwa kuwa hakuna kinachoungua, kaboni monoksaidi na lami ya sigara hupungua mno. Kwa mvutaji aliyehama kabisa, hiyo ni faida ya kweli.

Hata hivyo, mvuke huo si hewa safi. Huwasha njia za hewa, na unaweza kubeba chembe za madini kutoka kwenye waya unaopashwa joto. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa maradhi makali ya mapafu kwa watumiaji wa vepu. Kufikia Februari 2020, watu zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa au kufariki, vifo vikiwa 68. Wengi walikuwa wametumia vimiminika vyenye kiini cha bangi vilivyotiwa mafuta ya vitamini E asetati. Funzo kwetu ni kwamba kimiminika kisichojulikana kilichotengenezwa wapi na kwa nini hakifai kuingia kifuani.

Pia vepu ni changa. Ile ya kisasa ilibuniwa China mwaka 2003, na maradhi sugu ya mapafu huchukua miongo kujitokeza. Walioacha sigara katika utafiti tulioutaja hawakuwa na vepu; walisaidiwa kwa ushauri wa vikundi na chingamu ya nikotini. Kwa hivyo mtumiaji wa vepu asijipe matokeo yao kana kwamba tayari ni yake.

Kisha kuna nikotini. Huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na hubana mishipa. Anayevuta vepu kisha akaanza kukimbia ameupa moyo kazi kabla ya hatua ya kwanza. Soma maandishi kwenye chombo: 5% ni takriban miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya 20.

Kosa kubwa kuliko yote ni kushika vyote viwili, vepu kazini na sigara chache jioni. Sigara moja tu kwa siku hubeba takriban nusu ya ile hatari ya ziada ya maradhi ya moyo aliyo nayo anayevuta 20. Kupunguza si kuacha.

4. Mazoezi hufanya kazi gani?

Watu wengi husema wanakimbia ili "kusafisha mapafu". Mazoezi hayasafishi mapafu. Usafi huo hufanywa na vinyweleo vyenyewe, mradi moshi umekoma. Mazoezi huufunza moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na huifunza misuli ya miguu kutumia vizuri oksijeni inayoifikia. Matokeo yake ni kwamba kazi ile ile inahitaji pumzi chache. Hata mtu ambaye baadhi ya vifuko vyake vimeharibika anaweza kupanda kilima kwa urahisi kuliko mwaka jana, bila mapafu yenyewe kubadilika sana.

Faida nyingine ni kwamba kutembea haraka kwa dakika chache hupunguza hamu ya nikotini. Hamu hiyo huja kwa wimbi na kupita. Ukitoka ukatembea, mara nyingi itapita ukiwa njiani.

5. Ratiba ya wiki 12

Ikiwa una umri wa zaidi ya miaka 40, au una shinikizo la damu, kisukari, pumu au maradhi ya moyo, pimwa kwanza katika kituo cha afya.

*Wiki ya 1 na 2:* Tembea dakika 10 asubuhi na 10 jioni, mahali tambarare.

*Wiki ya 3 na 4:* Tembea dakika 20 mfululizo, siku tano kwa wiki. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba.

*Wiki ya 5 hadi 8:* Fikisha dakika 30 na uongeze kilima kimoja. Mara mbili kwa wiki, keti kitini na kusimama bila kujishika, mara 10; pumzika, kisha rudia.

*Wiki ya 9 hadi 12:* Kimbia polepole dakika moja, tembea dakika mbili, rudia mara nane. Pumzi ikituliana, ongeza muda wa kukimbia kidogo kidogo.

Lengo ni dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima. Kulima, kuchota maji na kuendesha baiskeli pia huhesabiwa.

Zingatia haya:
- Usitumie vepu kabla ya mazoezi. Nusu ya nikotini hutoka katika damu baada ya takriban saa mbili, kwa hivyo acha angalau muda huo upite.
- Pumzi ikikukatikia, punguza mwendo, vuta hewa kwa pua, kisha itoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama unayepoza uji. Muda wa kutoa uwe mara mbili ya kuvuta.
- Epuka kando ya barabara kuu wakati wa msongamano wa magari, na mahali panapochomwa taka. Ikiwezekana, pikeni mahali penye madirisha au nje. Mapafu yaliyoacha moshi wa sigara hayahitaji moshi wa kuni.
- Usijipime na wanariadha unaokutana nao barabarani alfajiri. Chagua kilima kimoja, ukipande kila Jumamosi, na uandike daftarini umetumia dakika ngapi na umesimama mara ngapi. Jilinganishe na daftari lako.

6. Simama na utafute matibabu

Acha mazoezi na uende hospitali mara moja ukipata maumivu au kubanwa kifua, kuhema ukiwa umetulia, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, midomo kuwa ya samawati, au kukohoa damu.

Usidhani kila kikohozi ni "mapafu yanajisafisha". Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, hasa kikiandamana na kupungua uzani, homa au kutokwa jasho usiku, kinahitaji kupimwa kifua kikuu. Uvutaji sigara huongeza hatari ya ugonjwa huo. Vipimo na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma.

7. Maliza safari

Ikiwa vepu imekutoa kwenye sigara, usirudi nyuma. Lakini usiifanye makao. Panga tarehe ya kuiacha. Shuka kiwango cha nikotini hatua kwa hatua, kisha punguza mahali na nyakati za kuitumia: kwanza si ndani ya nyumba, baadaye si kabla ya saa sita mchana. Hamu ya sigara ikirudi, usishuke kwa kasi zaidi. Muulize mhudumu wa afya kuhusu vibandiko au chingamu ya nikotini. Hizi hukupa nikotini bila kupitisha chochote mapafuni.

Kwa yule ambaye hajawahi kuvuta sigara, na hasa vijana wetu, vepu haina faida yoyote. Inaanzisha uraibu ambao haukuwepo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtu huhisi nafuu siku chache tu baada ya kuacha sigara? *(Kaboni monoksaidi imetoka katika damu.)*
2. Je, mazoezi hurudisha vifuko vya hewa vilivyovunjika? *(La. Huimarisha moyo na misuli.)*
3. Kwa nini kuchanganya vepu na sigara chache si kuacha? *(Hata sigara moja kwa siku huumiza moyo kwa kiasi kikubwa.)*
4. Utajuaje mwendo wako wa mazoezi unafaa? *(Unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.)*

Mwaka mmoja baada ya sigara ya mwisho, ile hatari ya ziada ya maradhi ya moyo hupungua kwa nusu. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi takriban nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Hesabu hiyo huanza siku unayoacha, iwe una miaka 25 au 60.

Kwa ushauri, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au fika katika zahanati iliyo karibu. Unaweza pia kupiga simu ya NACADA bila malipo, nambari 1192.