Kiharusi: Madonge ya Damu Hayafanani!

Tuchukue mfano. Wazee wawili wamepata kiharusi siku moja. Wote mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki sawasawa. Wote wamewahishwa hospitali, wakapewa dawa ileile ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa wa ubongo. Baada ya siku chache mmoja anatembea. Mwenzake hata mkono haunyanyuki. Kwa nini?

Ukubwa wa donge na mahali lilipokwama huchangia. Lakini kumbe hata vitu vilivyomo ndani yake vina maana!

Ndani ya donge
Fikiria wavu uliojaa samaki. Nyuzi za wavu ni protini iitwayo faibrini. Samaki ni chembe nyekundu za damu na chembe sahani.

Donge lenye chembe nyekundu nyingi huwa laini. Dawa hukata zile nyuzi, wavu unaachia, damu inapita. Na kama daktari atapitisha mrija kwenye mshipa ili alivute, mara nyingi hutoka kwa urahisi.

Donge lililojaa faibrini na chembe sahani ni gumu. Dawa hupenya kwa shida, na donge hung'ang'ania ukuta wa mshipa. Daktari huweza kulivuta mara mbili, tatu, ndipo litoke, na pengine lisitoke kabisa.

Muda ndio dawa
Donge halikai vilevile. Kadiri muda unavyopita hujikaza, na dawa hushindwa kupenya. Huku nyuma, mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza wastani wa chembe milioni 1.9 za neva kila dakika! Ndiyo maana dawa hii kwa kawaida hutolewa kabla ya kupita saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwanza kichwa hupigwa picha, kwani kuna kiharusi cha mshipa kupasuka, na hapo dawa hii huzidisha damu kuvuja.

Kwa hiyo usimpe mgonjwa aspirini nyumbani. Wala msikae kubishana kama karogwa au kapitiwa na upepo. Angalia saa dalili zilipoanza, iandike, mkimbizeni hospitali. Aina ya donge hatuichagui. Kuwahi tunaweza.

Jipime
1. Faibrini hufanya kazi gani kwenye donge?
2. Kwa nini picha ya kichwa hutangulia dawa?