Sola ya Mwaloni: Hela Itoke Wapi?

Wanachuo wenzangu, ukisema "sola" watu wanafikiria betri na taa mbili za kijijini. Leo tuitazame kwa jicho la hesabu, na darasa letu liwe Kirumba Mwaloni, soko la samaki na dagaa lililo chini ya Manispaa ya Ilemela.

Nimechagua soko kwa sababu swali la kwanza si jua, ni bati la nani. Uwanja wa mpira uko jirani tu na una nafasi kubwa, lakini jina lake linajieleza: CCM Kirumba. Ni mali ya chama. Halmashauri haiwezi kuweka rehani wala kukodisha paa lisilo lake. Mwaloni inaweza.

Tuseme tunafunga kilowati 10 bila betri. Nikihesabu saa 4 tu za jua kali kwa siku, tunapata uniti 40. Kwa mteja wa TANESCO wa T1, uniti ni sh 292, na ukiweka VAT, tozo ya REA na ya EWURA inafika kama sh 356. Uniti 40 ni sh 14,240 kwa siku, sawa na karibu sh milioni 5.2 kwa mwaka. Gharama ya kufunga niweke milioni 20, kwa mfano tu; fundi atakuja na yake.

Ukilipa taslimu kutoka mapato ya ndani, hela inarudi kabla ya miaka 4. Tamu sana. Ila milioni 20 hizo hizo zinasubiriwa na choo cha shule na dawa za zahanati, na diwani atakayesimama kutetea paneli mbele ya choo cha watoto namwonea huruma.

Basi tukope. Hapa ndipo wengi wanapotelezea. Kwa riba ya asilimia 15, mkopo wa miaka 5 unataka marejesho ya karibu milioni 6 kwa mwaka. Sola inaokoa 5.2. Kila mwaka soko linachota mfukoni kujazia. Mkopo ule ule ukiwa wa miaka 7, rejesho linashuka hadi milioni 4.8, na sola inajilipa yenyewe. Jua halijabadilika hata kidogo, muda ndio umebadilika. Tena halmashauri haikopi kama sisi tunavyosubiri bumu: Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 inataka kibali cha waziri.

Kuna mtego mwingine, nao umo ndani ya mita. Soko likitumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi linahamia T2, ambako uniti ni sh 195 kabla ya kodi na tozo. Rahisi zaidi, na ndiyo maana sola inaokoa kidogo: kama milioni 3.5 kwa mwaka. Mkopo wetu mzuri wa miaka 7 umekufa hapo hapo. Kwa hiyo kabla ya kumwita muuza paneli, omba kwanza bili.

Hatifungani je? Mwaka 2024 Tanga UWASA waliuza hatifungani ya kijani ya sh bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5, kwa ajili ya miradi ya maji. Inawezekana, lakini si kwa bati moja la soko. Gharama za kuiandaa peke yake zitalimeza. Labda Ilemela wakusanye Mwaloni, stendi ya Nyamhongolo, shule na vituo vya afya kwenye kapu moja.

Mimi naegemea njia ya nne. Mwekezaji anafunga kwa hela yake, halmashauri inanunua uniti kwa bei ya chini kuliko ya TANESCO, na mkataba ukiisha mtambo unabaki kwake. Faida ni ndogo, lakini hakuna choo kilichoahirishwa. Muhimu ni vipengele: bei ipandeje, nani anaosha paneli (yale makorongo ya mwaloni hayaoni aibu), na itakuwaje TANESCO wakishusha bei.

Halafu saa. Pilikapilika za samaki huanza alfajiri, jua linakuja kupamba moto saa 6 mchana. Majokofu yatakula umeme wa mchana, taa hazitakula. Kanuni za EWURA za 2018 zinaruhusu kupeleka ziada kwenye gridi na kukatiwa kwenye matumizi yako, na hiyo ni nafuu kuliko kununua betri. Lakini ni lazima iombwe na mita ibadilishwe. Isiposemwa kwenye mkataba, ziada ya Jumapili inapotea bure.

Anayesoma uhandisi umeme na yuko tayari tukapime mabati ya Mwaloni, anitafute. Kamba ya kupimia ninayo.