Somo la Mazingira: Nguzo ya Holme na Kaboni Inayotoka Shambani

Gesi ya kaboni dioksidi ikitajwa, wengi hufikiria moshi wa magari na viwanda. Hata hivyo, ardhi nayo hutoa gesi hiyo matumizi yake yanapobadilishwa: msitu unapofyekwa, nyika inapolimwa au kinamasi kinapokaushwa. Nchi nyingi zilizoendelea zilifanya mabadiliko hayo zamani, na baadhi yake zingali zinatoa gesi kutokana na kazi iliyofanywa karne moja au mbili zilizopita. Somo hili linaeleza sababu kwa kutumia mfano wa mahali pamoja nchini Uingereza.

Ziwa lililogeuzwa shamba

Katika eneo la Cambridgeshire, mashariki mwa Uingereza, kulikuwa na ziwa lililoitwa Whittlesey Mere, lililozungukwa na vinamasi. Mwaka 1851 maji yake yaliondolewa kwa mitaro na pampu ya mvuke ili kupata mashamba. Waliofanya kazi hiyo walijua kwamba udongo ungetitia, ila hawakujua ungetitia kwa kiasi gani. Kwa hivyo, karibu na hapo, mahali paitwapo Holme Fen, ilisimikwa nguzo ya chuma. Kitako chake kilikita kwenye udongo wa mfinyanzi ulio chini, na ncha yake ikawa sawa na uso wa ardhi.

Leo ncha hiyo iko takribani mita 4 juu ya ardhi. Nguzo haikupanda; ardhi ndiyo iliyoshuka. Ilishuka haraka zaidi katika miaka ya kwanza, kisha ikaendelea polepole. Ukigawanya mita 4 kwa zaidi ya miaka 170 iliyopita, unapata wastani wa sentimita 2 na kidogo kila mwaka.

Udongo ulikwenda wapi?

Udongo wa kinamasi cha aina hii huitwa mboji. Ni mabaki ya mimea yaliyorundikana ndani ya maji kwa maelfu ya miaka. Maji huzuia hewa ya oksijeni kufika chini, kwa hivyo mabaki hayo hayaozi yakaisha, na kaboni iliyomo hubaki ardhini. Mboji hujengeka polepole sana, takribani milimita 1 kwa mwaka. Mita 1 ya mboji huhitaji takribani miaka 1,000.

Maji yakiondolewa, mambo matatu hutokea. Kwanza, udongo hushikamana na kusinyaa, kama sifongo inayokauka. Pili, ule mkavu wa juu hupeperushwa na upepo. Tatu, oksijeni huingia, na vijidudu huanza kuozesha mabaki ya mimea. Kaboni iliyokuwa imehifadhiwa hugeuka kuwa kaboni dioksidi na kupaa angani.

Hapa ndipo kinamasi kinapotofautiana na msitu. Msitu ukifyekwa na kuchomwa, sehemu kubwa ya kaboni ya miti hutoka kwa muda mfupi. Kinamasi kilichokaushwa huendelea kutoa gesi mwaka baada ya mwaka, mpaka mboji iishe au maji yarudishwe. Vinamasi vya mboji vimefunika takribani asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini vimehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote.

Hesabu inayoficha hasara

Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, nchi zilizoendelea hutoa hesabu ya gesi zake kila mwaka, ikiwemo ile inayotokana na ardhi. Nyingi zimepanda miti au kuacha misitu ikue upya, na miti hiyo hufyonza kaboni. Jumla ikipigwa, ardhi huweza kuonekana safi huku vinamasi vilivyokaushwa vikiendelea kutoa gesi.

Ndivyo ilivyokuwa Uingereza. Mwaka 2021, hesabu yake ilipoanza kujumuisha vinamasi vyote vya mboji, sekta ya ardhi iliyokuwa ikionekana kufyonza gesi iligeuka kuwa inayotoa. Nchini Ujerumani, vinamasi vilivyokaushwa hutoa takribani asilimia 7 ya gesi zote za nchi hiyo zinazoongeza joto duniani.

Kurudisha maji

Mkulima wa eneo kama hilo ana shida mbili. Gesi inapaa, na udongo wenye rutuba anaoutegemea unapungua. Kadiri shamba linavyoshuka, ndivyo kuondoa maji kunavyozidi kuwa kazi ngumu na ya gharama.

Karibu na nguzo ya Holme, mradi wa Great Fen unakusudia kurejesha hekta 3,700 za ardhioevu, na umejaribu kilimo cha mimea inayostahimili maji. Denmark ilikubaliana mwaka 2024 kuondoa hekta 140,000 za ardhi ya chini yenye kaboni nyingi katika kilimo cha kawaida. Maji yakirudi, kinamasi huweza kutoa gesi ya methani, lakini kwa muda mrefu faida ya kuzuia kaboni dioksidi huwa kubwa zaidi. Mboji iliyokwisha kupotea hairudi katika maisha ya mtu mmoja.

Funzo kwa wakazi

Kenya nayo ina vinamasi vyenye mboji, kwa mfano Ondiri huko Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Mkazi anayetaka kuchimba mtaro wa kukausha kinamasi akumbuke mambo haya:

• Udongo mweusi wa kinamasi huonekana na rutuba nyingi mwanzoni, lakini hupungua kila mwaka ukiwa mkavu.

• Kupanda miti kwingineko ni jambo jema, lakini hakusimamishi gesi inayotoka kwenye kinamasi kilichokaushwa.

• Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kukausha ardhioevu bila idhini ya NEMA. Ulizia kabla ya kuchimba.

Kuacha maji mahali pake ni rahisi kuliko kuyarudisha. Uingereza ilihitaji nguzo ya chuma na zaidi ya miaka 170 kuliona hilo.