Jembe, Kitabu na Tabia: Somo Kutoka Maseno

Sisi wanafunzi hulitaja neno "elimu" kila siku, lakini ni wachache wanaouliza maana yake. Wengi hudhani kuwa elimu ni kushinda mtihani na kupata kazi ya kalamu. Ili tulipime jambo hili, na tutazame shule moja ya jirani zetu wa Kenya, yaani shule ya wavulana ya Maseno.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1906 na wamisionari wa C.M.S., chama cha Kanisa la Uingereza, na mwanzilishi wake alikuwa J. J. Willis. Kwetu Uganda jina hilo si geni, kwa kuwa mwaka 1912 Willis alifanywa Askofu wa Uganda, na nchi ya Maseno ilikuwa chini ya dayosisi yetu mpaka mwaka 1921. Basi habari za Maseno ni habari za ndugu tuliolelewa nao nyumba moja.

Nia ya wamisionari ilikuwa kumlea mtu mzima: roho kwa sala, akili kwa kitabu, na mwili kwa kazi ya mikono. Nia hiyo ni njema. Lakini mwaka 1908, shule ikiwa na umri wa miaka miwili tu, wanafunzi waligoma. Walilalamika kwamba kazi ya mikono imezidi, nao wamekuja kutafuta kusoma na kuandika.

Watu wengine wakisikia habari hii husema, "Vijana wale walikuwa wavivu." Mimi sikubali. Mtoto wa mkulima alilijua jembe kabla hajaijua shule. Alichokosa nyumbani ni kitabu, na aliona wazi kwamba wageni waliiandika sheria na kodi kwa kalamu. Swali la vijana wale lilikuwa hili: Je, kazi hii yatukuza, au yatutumia tu? Ni swali la haki, na kila shule yapaswa kulijibu.

Hata hivyo, tusiseme kwamba jembe ni adui wa kitabu. Kazi ya mikono humfunza mwanafunzi heshima ikiwa mwalimu naye huinama pamoja naye. Ikiwa mwalimu husimama kivulini akiamuru, mwanafunzi hujifunza jambo moja tu, kwamba mkubwa hafanyi kazi. Naye akipata ukubwa atafanya vivyo hivyo.

Mfano wa mwalimu wapita maneno mengi. Carey Francis alikuwa mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1928 aliiacha kazi hiyo akaja kuwa mkuu wa Maseno. Tangu mwaka 1940 hadi 1962 aliongoza Alliance High School, shule yenye sifa kubwa nchini Kenya. Alipostaafu hakurudi kwao kupumzika, bali alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, mtaa wa watu wa kawaida mjini Nairobi, hata alipofariki mwaka 1966. Aliyekuwa mkuu alikubali kuwa mwalimu wa kawaida. Hilo ni somo la unyenyekevu lisilohitaji ubao wala chaki.

Lakini malezi mema hayamfanyi mwanafunzi kuwa kivuli cha mwalimu wake. Jaramogi Oginga Odinga alisoma Maseno, na baadaye akawa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Mtu huyu aliyaacha majina yake ya ubatizo, akataka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Wengine waliona ni ukaidi. Mimi naona kwamba shule ikimfundisha mtu kufuata dhamiri yake, isishangae siku atakapoifuata mbele ya waliomfundisha.

Leo Maseno ni shule ya serikali, na Kanisa Anglikana la Kenya ndilo mfadhili wake. Vijana waliogoma mwaka 1908 wamekwisha kufa wote, lakini swali lao halijafa. Sisi tutakaotoka shuleni karibuni, tukiwa walimu, makarani au wazazi, tutaulizwa lilo hilo na watu walio chini yetu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni kazi gani shuleni petu hutukuza, na ni ipi hututumia tu?
2. Je, utii na dhamiri vyaweza kukaa pamoja?